UZI: Masaa 20 ya Uingereza hayalipi ada. Hesabu ya mtu aliyebeba boksi akiwa darasani

ZamuYaUsiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila wiki vijana wawili watatu wananifuata PM na swali lile lile: "Kaka, nikifika UK naweza kubeba boksi, yaani kibarua chochote cha ughaibuni, nikamalizia ada?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja na kuanzia leo nitakuwa natuma linki tu. Jibu ni hapana. Najua hamtaniamini, basi tukae tupige hesabu.

Nilifika Leicester Septemba 2024, Masters ya mwaka mmoja. Wakala wa vyuo aliyenishughulikia Dar alikuwa na ofisi safi, kiyoyozi, vibendera vya nchi vimepangwa mezani, na kauli moja aliyoirudia mpaka nikawa naiota: "Wewe lipa nusu, nusu nyingine utaitafuta huko huko, kazi zipo kibao." Simtaji na msinibembeleze nimtaje. Aliposema kazi zipo hakuwa muongo sana. Uongo wake ulikuwa kwenye hesabu ambayo hakuwahi kuipiga mbele yangu.

Viza ya mwanafunzi wa digrii inakuruhusu masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kima cha chini cha mshahara kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea, kuanzia Aprili 2026, ni paundi 12.71 kwa saa. Zidisha: 254.20 kwa wiki. Ukiigawa kwa mwezi unapata kama paundi 1,101 kabla ya makato. Sasa njoo upande wa pili. Uhamiaji wao wenyewe, ukiomba viza kwenda chuo kilicho nje ya London, wanataka uonyeshe paundi 1,171 kwa kila mwezi, miezi tisa, za kujikimu tu, mbali na ada. Ni 10,539 jumla. London ni 1,529 kwa mwezi.

Rudia kusoma hapo. Serikali inasema mtu anaishi kwa 1,171, na sheria ya serikali hiyo hiyo, ukifanya kazi kila saa uliyoruhusiwa bila kukosa wiki hata moja, inakupa 1,101. Umepungukiwa na chakula na kodi ya chumba kabla hujaigusa ada. Hiyo nusu ya ada ilikuwa itoke wapi?

Na mdogo wako aliyetoka form six, ana miaka 19, ndiyo kabisa: kima chake ni 10.85.

Mtu atasema, "Lakini si nitakuwa na zile 10,539 nilizoonyesha benki?" Ndugu yangu, tuambiane ukweli, hapa wote tunazijua pesa za kuonyesha. Zinaazimwa, zinalala kwenye akaunti siku 28, viza ikitoka zinarudi kwa mwenyewe na riba yake. Unapanda ndege na begi la dagaa na paundi mia tatu. Mimi ndivyo nilivyopanda.

Na hata hayo masaa 20 ni ya kwenye makaratasi. Kazi niliyopata, baada ya wiki saba za kutafuta, ilikuwa ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Zamu zao ni za masaa 12, saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi, na saa moja ya mapumziko hailipwi. Zinabaki 11. Usiku miwili ni 22, umeshavunja sheria. Kwa hiyo unafanya usiku mmoja na kipande cha masaa sita Jumamosi kama kipo. Ni 17. Kwa bei ya wakati ule, 11.44, hiyo ni paundi 194 na senti. Chumba changu, nyumba ya watu watano choo kimoja, kilikuwa 430 kwa mwezi. Na mkataba ulikuwa ule usioahidi hata saa moja: wakikuhitaji unaitwa, wasipokuhitaji unashinda unaitazama simu. Januari nilishinda wiki mbili hivyo.

Kuna mtego mwingine sikuambiwa na mtu. Wiki ya uhamiaji inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili, na hawakubali wastani, kwamba wiki hii 10 ijayo 30. Ukiingia zamu ya Jumapili usiku, masaa manne ya kwanza yako wiki inayokwisha, yaliyobaki yanaangukia wiki mpya. Mimi nilikuwa na daftari dogo la mistari nimelichora kama la mangi wa duka la mkopo, kila saa naandika na upande wake. Meneja akinipigia, "Njoo leo tafadhali, mtu kaumwa," nalifungua kwanza. Siku moja akaniambia nije tu, hayo masaa atanilipa mwezi ujao. Sikwenda. Masaa yanahesabiwa siku ulipoyafanya, siku ya malipo haina habari.

Nawasilisha hiyo kwanza. Nitarudi kueleza kazi yenyewe ilivyo.

---

Mzee wa Mizigo

Kijana unatisha watu. Sisi tulikuja 2003, tukabeba boksi usiku na mchana, shule tulikuwa tunapitia tu kuonyesha sura. Nimejenga Kimara kwa boksi. Huko kote kuna watu wanafanya masaa 50 na hawaguswi. Anayetaka atatoboa.

---

ZamuYaUsiku

Mzee wangu shikamoo. Sikatai, na nyumba ya Kimara hongera. Ila 2003 haipo tena. Tangu 2013 mwajiri halali anawapelekea HMRC, yaani TRA ya kule, taarifa ya kila malipo siku ile ile anapokulipa. Jina lako, namba yako ya NI (bima ya taifa), kiasi. Na mwajiri anayekuandika bila ruhusa, faini yake inafika paundi 45,000 kwa kichwa kwa kosa la kwanza. Ndiyo maana siku hizi kabla ya kukupa hata aproni wanataka barua ya chuo inayoonyesha muhula unaanza lini na kuisha lini.

Na hao wa masaa 50 wawili nawajua. Mmoja anafanya kwa jina la mtu mwingine: mshahara unaingia kwenye akaunti ya mwenye jina, naye anakata theluthi kwanza. Siku wakigombana ataenda kushtaki wapi? Wa pili analipwa mkononi jikoni, paundi sita kwa saa, chini ya nusu ya kima cha chini, na tajiri anajua hana pa kulalamikia.

---

Chapati_Moja

Niaje wadau, mimi niko Nakuru, nimepata admission ya Januari. Mimi mpango wangu si kubeba boksi. Nafanya online writing hapa Kenya tangu campus, clients ni wangu. Nikienda na laptop yangu, pesa iendelee kuingia kwa M-Pesa ya hapa nyumbani, si hiyo haihusu UK kabisa?

---

ZamuYaUsiku

Inahusu, na hapo ndipo Wakenya wengi wanaposhikwa bila kujua. Viza ya mwanafunzi inakataza kujiajiri kwa namna yoyote, hata saa moja. Hawaangalii mteja yuko wapi wala pesa inaingia wapi, wanaangalia wewe mwili wako umekaa wapi unapofanya kazi. Kuuza nguo Instagram, kuendesha baiskeli ya chakula kama mkandarasi huru, chaneli inayokulipa, vyote ni kujiajiri.

Na samahani nikuulize kama kaka: hayo maandishi ni ya nini? Kama ni insha za wanafunzi, England kuuza huduma hiyo ni kosa la jinai kwa sheria ya 2022. Usije ukafukuzwa chuo kwa kuwaandikia wenzako.

---

Chapati_Moja

Sitajibu hilo swali 😅 Asante lakini. Nimeelewa.

---

Binti wa Chake

Assalaam alaykum. Mimi niko Marekani, jimbo la Ohio, digrii ya kwanza. Huku afadhali hata hicho cha Uingereza. Viza ya F-1 mwaka wa kwanza hutoki nje ya chuo: kazi ni ndani ya chuo tu, masaa 20 muhula ukiwa unaendelea. Na za ndani zinagombaniwa. Mimi nasukuma trei kwenye bwalo la chakula, mashine ya kuoshea ina mvuke, miwani yangu haikauki. Rafiki yangu yuko Kanada, kwao tangu Novemba 2024 ni masaa 24. Yeye ndiye tajiri wetu.

---

Kijiko cha Mbao

ZamuYaUsiku uliahidi kueleza kazi. Mimi mke wangu anataka niende halafu anifuate, na wakala kasema kazi ya kulea wazee ni nyepesi, kuwanywesha chai na kupiga stori, halafu unabadilisha viza.

---

ZamuYaUsiku

Mkuu nianze na mke, maana hapo ndipo utakapoumizwa. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa Masters ya kufundishwa darasani haruhusiwi kuja na mke wala watoto. Wanaoruhusiwa ni wa utafiti, kama PhD. Kubadilisha viza kwenda ya kazi kabla hujamaliza kozi kulifungwa Julai 2023. Na wale waliokuwa wanaajiriwa kutoka nje moja kwa moja kulea wazee, mlango huo ulifungwa Julai 2025. Mtu anayekuuzia habari hizo mwaka huu ama hajasoma kitu miaka mitatu, ama kasoma.

Sasa kazi. Kabla ya kuanza kuna cheti cha polisi wanachokiita DBS, kuna mafunzo ya kumnyanyua mtu bila kuuvunja mgongo wako wala wake. Kwa wasioweza kusimama kuna mashine yenye kitanda cha kitambaa, unamfunga, unaipandisha, na sheria ni watu wawili, kamwe sio mmoja. Saa mbili usiku mnakabidhiwa zamu: nani hajala, nani kaanguka, nani anaitaka dawa ya saa nne. Kisha unazunguka. Kila masaa mawili kuna wa kugeuzwa upande ili wasipate vidonda. Kuna wa kubadilishwa pedi. Glovu nilikuwa navaa jozi thelathini kwa usiku, mikono ikatoka ukurutu. Kati ya saa tisa na saa kumi alfajiri, mkuu, usingizi wa saa hiyo si wa kawaida, unaweza kulala umesimama umeegemea kabati la mashuka. Saa mbili asubuhi unatoka, saa nne una darasa. Nilikuwa naliweka begi la shule kwenye loka ya kazini. Mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza kama ninaumwa.

Chai ipo kweli, wakala hakukosea hapo. Na hapa naomba mnivumilie nitoke kidogo nje ya mada.

Leicester imejaa Wahindi waliotoka kwetu: Kampala, Jinja, Kisumu, Mwanza. Idi Amin alipowafukuza mwaka 1972, halmashauri ya Leicester iliweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije mji huo, umejaa. Wakaja. Leo ukipita Belgrave Road unaweza kununua mogo wa kukaanga na muuzaji akakuuliza habari za nyumbani kwa Kiswahili kizuri kuliko cha baadhi yetu humu.

Kwenye ile nyumba kulikuwa na bibi mmoja, chumba cha mwisho, aliyekulia Jinja. Alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Kiingereza kilikuwa kimeshamtoka, alibaki na Kigujarati, na usiku mwingine Kiswahili. Wenzangu waliandika kwenye daftari la zamu "anaongea maneno yasiyoeleweka." Usiku wa kwanza nilipoingia chumbani kwake alinitazama juu mpaka chini akasema, "Boi. Lete maji moto. Upesi."

Nilisimama mlangoni. Nimekaa darasani miaka kumi na tisa, nimevuka bahari, halafu naitwa boi na mtu anayeniona mpishi wa nyumbani kwao mwaka 1950 na kitu. Nikaenda kuleta maji. Nikamjibu, "Maji haya hapa, mama, yana moto, polepole." Akashtuka. Akauliza, "Umesikia?" Nadhani hakuwa amejibiwa muda mrefu sana.

Kuanzia hapo zamu zangu alikuwa halii usiku. Alikuwa ananituma sokoni. Nanunua samaki na ndizi ambazo hazipo, nakuja kumwambia bei, anasema nimeibiwa.

---

Kijiko cha Mbao

Nimesoma mara mbili. Mke nimempa simu asome mwenyewe.

---

Mzee wa Mizigo

Hiyo ya boi mimi ningeondoka siku hiyo hiyo.

---

ZamuYaUsiku

Ungeondoka ukaenda wapi mzee wangu, na chumba ni 430? 😂

---

Msomi Pori

Swali la kiufundi. Naanza Septemba, Masters. Nimeambiwa likizo ya kiangazi unafanya kazi masaa yote, 40 hata 60, ndiyo unapokusanya ada. Hujaigusa kwenye hesabu yako.

---

ZamuYaUsiku

Sijaigusa kwa sababu wewe huna likizo hiyo. Mwanafunzi wa digrii ya kwanza, ndiyo, Juni mpaka Septemba yuko huru. Wa Masters ya mwaka mmoja, kiangazi ndipo unapoandika tasnifu, na kuandika tasnifu ni muhula. Masaa yanabaki 20 mpaka tarehe rasmi ya kumaliza kozi. Baada ya hapo viza inakuwa na miezi minne ya ziada, na hapo sasa unaweza kufanya masaa yote, pia unaweza kuomba viza ya wahitimu. Nayo isomwe vizuri: ni miaka miwili, ila wanaoomba kuanzia Januari 2027 ni miezi 18, na wewe wa Septemba ujao utamaliza 2027. Kwa hiyo hesabia 18.

Darasani kwetu kuna watu walipanga ada yao yote kwenye kiangazi hicho hewa. Ada isipolipwa wanakuzuia kwanza kuingia kwenye mfumo wa masomo. Ikiendelea wanakuondoa, na chuo kikishakuondoa kinawajulisha uhamiaji. Mwenzangu mmoja wa Lusaka alipata barua mwezi Julai, sura tatu za tasnifu zimeshaandikwa.

Jambo dogo la kodi kabla sijasahau. Ukiwa na kazi mbili, ya pili watakukata asilimia 20 kuanzia paundi ya kwanza kwa sababu ile nafuu ya 12,570 kwa mwaka imeshikwa na ya kwanza. Usilie, idai HMRC, inarudi. Mimi ilirudi 211, nikanunua koti la maana mwezi wa nne, baridi imeshaisha. Kodi ya halmashauri ya nyumba mwanafunzi wa muda wote halipi, wakikuletea bili wapelekee barua ya chuo.

---

Msomi Pori

Aisee. Kumbe. Kwa hiyo wewe ada ulimaliziaje?

---

ZamuYaUsiku

Nilijua swali litafika. Dada yangu alikopa SACCOS ya walimu, awamu mbili. Mimi bado namlipa. Boksi lilinilisha na kunilaza, sikupata siku hata moja ya kulituma benki ya chuo.

---

Mtoto wa Tanga

Wakuu naombeni ushauri wa kweli, msinitukane. Nina nafasi ya Septemba 2026, mji mmoja wa kaskazini. Ada 16,500. Tumeshalipa 5,000 ya mwanzo, baba kauza kiwanja cha Pongwe. Iliyobaki ni 11,500 na wakala anasema tulipe kidogo kidogo nikiwa nafanya kazi. Pesa za kuonyesha atatuazima yeye. Mkononi baada ya nauli nitabaki kama na paundi 900. Mimi ni wa kike, miaka 24, nina diploma ya uuguzi pia kwa hiyo naamini kazi nitapata.

---

ZamuYaUsiku

Dada, hakuna wa kukutukana hapa. Kazi utapata, tena mapema kuliko mimi. Tatizo halipo kwenye kazi. Hebu ongezea kwenye karatasi yako viza na bima ya afya ya kule. Bima ni 776 kwa mwaka, na kwa Masters ya miezi 12 wanakutoza mwaka na nusu, 1,164, inalipwa yote kabla hujaondoka. Ulikuwa umeiweka kwenye zile za nauli?

---

Mtoto wa Tanga

Hapana. Wakala hakusema.

---

Binti wa Chake

Subhanallah.

---

ZamuYaUsiku

Basi zile 900 hazipo. Fanya hivi, na ufanye mwenyewe, usimtume wakala. Ingia tovuti ya chuo, tafuta kanuni za kurudishiwa malipo ya awali na za kuahirisha. Vyuo vingi vinakubali kusogeza nafasi, na malipo yanakusubiri. Waandikie kwa barua pepe yako, siyo ile aliyokufungulia wakala. Kisha Agosti maombi ya Chevening, ule ufadhili wa Masters wa serikali ya Uingereza, yakifunguliwa jaza, uzoefu wa kazi wanaotaka ni miaka miwili. Ila kwanza angalia kama digrii ya kwanza unayo, maana Masters umeipata kwa cheti gani?

---

Mtoto wa Tanga

Degree ninayo, ya afya ya jamii. Diploma ilitangulia.

---

Mzee wa Mizigo

Binti, mimi ni mtu wa boksi na ninalitetea boksi. Lakini kwa 11,500 usiende. Boksi la siku hizi halina huo uzito.

---

Mtoto wa Tanga

MREJESHO. Nimeandika chuoni Jumatatu. Leo wamejibu: naweza kusogeza mpaka Septemba 2027 na 5,000 inabaki pale pale kwa jina langu. Barua pepe aliyofungua wakala nimeshindwa kuingia, kabadilisha neno la siri jana. Baba kaichapisha barua ya chuo, kaenda nayo ofisini kwao asubuhi hii. Ananiambia bado kakaa kwenye kiti cha wageni, kiyoyozi kinampiga, hajaitwa.